Zebaki: nani alijua, nani aliambiwa



Komite iliniomba niandike tena ukurasa wa historia. Safari hii siandiki juu ya vita wala makambi, maana hiyo tunaijua sisi wote. Ninaandika juu ya kitu kilicho ndani ya kichupa kidogo cha dawa ya kikohozi, kwenye nyumba nyingi za watoto wetu.

Mwaka jana nilifika Misisi kumuona mpwa wangu. Alirudi na sisi kwa meli, kutoka Kigoma mpaka Baraka, akakuta shamba la baba yake liko na mtu mwingine. Akangoja kesi mwaka mzima, akachoka, akaenda kwenye dhahabu kama vijana wengi. Nilimkuta kwa mama mkwe wake. Yule mama alikuwa jikoni, mtoto mgongoni, na juu ya mbabula, pembeni ya sufuria ya maharage, aliweka kijiko cha chuma. Ndani ya kijiko mlikuwa na kitu kama punje ya hindi, cheupe cha kung'aa. Kikatoa moshi kidogo sana, ule wa kusema umeuona au hukuuona, halafu kikaanza kuwa njano.

«Papa Mwalimu, ona, sasa imeiva.»

Nikamuuliza ile nyeupe imekwenda wapi. Akacheka. «Imeisha. Inaendaga na hewa.»

Jioni tulikula yale maharage. Sina la kuficha, mimi pia nilikula, na nilishukuru. Nilikuwa sijui. Nimefundisha watoto miaka mingi, kule Lugufu na huku, nimewafundisha hata majina ya mito ya Ulaya, lakini hilo nilikuwa sijui. Niliporudi nyumbani nikamuuliza rafiki yangu muuguzi, akanipa vitabu vya kusoma. Nilifikiri nitakuta habari ya juzi juzi, jambo ambalo wataalamu wamegundua sasa hivi na bado halijafika kwetu. Kumbe sivyo hata kidogo. Hiyo habari ina umri wa miaka karibu 2,000. Tangu siku ile swali langu limekuwa moja: kama watu walijua zamani hivyo, ilikuwa namna gani isimfikie mama wa Misisi?

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Wale tuliokaa Tanzania tunaita zebaki. Wale waliobaki huku, na wachimbaji wote, wanaita merkire, kutoka Kifaransa. Ni kitu kimoja. Siyo jambo dogo, maana nimewahi kusikia redio ikionya juu ya zebaki, na kijana aliyekaa karibu nami akasema, «Hiyo sisi hatunaga, sisi tuko na merkire.» Onyo lilipita juu ya kichwa chake kama ndege.

Ni chuma, lakini chuma cha maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya zebaki inapita kilo 13, ndiyo maana kile kichupa kinalemea mkono. Ukiimwaga kwenye mchanga uliotwangwa na kuoshwa, inashika dhahabu na kuacha mchanga. Wanaikamua kwa kitambaa, inabaki bonge, dhahabu na zebaki pamoja. Ukiliweka bonge motoni, zebaki inageuka mvuke na kuondoka, dhahabu inabaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, karibu sehemu nane kwa kumi zinabaki mwilini. Zinaingia damu, zinafika figo na ubongo, na kwa mama mwenye mimba zinapita mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Hata bila moto zebaki inatoa mvuke polepole, kwenye joto la chumba tu, ikiwa wazi.

Ubaya wake ni kwamba haimwangushi mtu siku ile ile. Inakuja kidogo kidogo. Vidole vinatetemeka, mwandiko unaharibika, ufizi unavimba, usingizi unakimbia. Mtu mpole anakuwa wa hasira, mwenye akili anaanza kusahau. Na sisi tunajua majirani watasema nini: pombe, au amerogwa.

Sasa historia. Kuna Mrumi mmoja aliitwa Plinio, alikufa mwaka 79. Katika kitabu chake kikubwa juu ya vitu vya dunia aliandika kwamba watu waliosaga jiwe jekundu linalotoa zebaki walijifunika uso kwa ngozi laini ya kibofu cha mnyama, ili wasivute vumbi lake na bado waweze kuona mbele. Someni tena hapo. Wakati ule tayari mtu alijua, na tayari mtu alitafuta kinga. Jiwe hilo Warumi walilitoa sana Hispania, kwenye mgodi unaoitwa leo Almadén.

Almadén ile ile, miaka 1,500 baadaye, ilikuwa inachimbwa na wafungwa. Mwaka 1593 serikali ya mfalme ilimtuma mtu mmoja, Mateo Alemán, ambaye baadaye alikuwa mwandishi maarufu, aende kuwauliza wafungwa wenyewe namna wanavyoishi. Nao wakamwambia. Wakamweleza juu ya wale waliowekwa karibu na tanuri za kupikia jiwe, namna walivyotetemeka, namna walivyopoteza akili. Yeye akaandika yote. Ripoti ikawekwa pamoja na makaratasi ya serikali, na haikuchapishwa kuwa kitabu mpaka karne ya 20. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha ya historia yote ya zebaki. Mfanyakazi ndiye aliyetoa habari, kutoka mwili wake mwenyewe, habari ikapanda juu, ikafungiwa huko. Wafungwa waliofuata waliingia kwenye tanuri zile zile bila kusomewa walichosema wenzao.

Zebaki ya Hispania ilikuwa inavuka bahari kwenda Amerika, kusafisha fedha ya mfalme. Ilipoonekana haitoshi, wakafungua mgodi mwingine Peru, Huancavelica, na kuanzia miaka ya 1570 wakalazimisha vijiji vya wenyeji kutoa wanaume kwa zamu. Sisi ambao babu zetu walijua kazi ya lazima hatuhitaji kuelezwa sana. Kule watu wa vijiji walijua, bila kitabu chochote, kwamba anayekwenda Huancavelica mara nyingi harudi mzima. Walijua, lakini hawakuwa na ruhusa ya kukataa. Kujua peke yake hakukuwasaidia kitu, na jambo hilo nitalirudia.

Katika giza lote hilo kuna mahali pamoja panapofurahisha kidogo. Idrija, nchi inayoitwa leo Slovenia, nako kulikuwa na mgodi wa zebaki, na mwaka 1665 walipunguza saa za wachimbaji zikawa 6 kwa siku, juu ya ugonjwa. Ni moja ya sheria za zamani kabisa za kulinda afya ya mfanyakazi. Halafu mwaka 1700, Italia, daktari mmoja aliitwa Bernardino Ramazzini akatoa kitabu kizima juu ya magonjwa ya watu wa kazi: wachimbaji, wafinyanzi, wapaka dhahabu waliopika zebaki kama mama wa Misisi. Aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Miaka 300 imepita. Mimi nimetibiwa kwenye vituo mbalimbali, Tanzania na Kongo, na sijawahi kuulizwa swali hilo hata mara moja. Silaumu waganga, foleni ni ndefu na dawa chache. Ninasema tu kwamba swali halina bei.

Habari ya wafuma kofia nitaipitisha haraka. Ulaya na Marekani walikuwa wanatengeneza kofia za manyoya ya sungura, na manyoya yalilainishwa kwa maji yenye zebaki. Mji wa Danbury, Marekani, uliishi kwa kofia, na watu wake walikuwa na jina kabisa la kutetemeka kule: mtetemo wa Danbury. Jina lilikuwepo, utani ulikuwepo, kazi ikaendelea. Kwenye Desemba 1941 ndipo wenye viwanda walikubaliana na serikali kuacha zebaki. Mnajua sababu iliyosukuma? Vita vilikuwa vinakuja na zebaki ilitakiwa kwa ajili ya viwasho vya mabomu. Mikono ya wafanyakazi ilitetemeka zaidi ya miaka 100 bila kuwa sababu ya kutosha.

Nikae sasa juu ya mambo mawili ya wakati wetu, maana mimi mwenyewe nilikuwa mtu hai yalipotokea, ingawa mtoto.

La kwanza ni Iraki. Mwaka 1971 nchi ile ilikuwa na njaa ya mbegu, ukame uliharibu mavuno. Serikali ikaagiza zaidi ya tani 90,000 za ngano na shayiri za kupanda, ngano kutoka Mexico na shayiri kutoka Marekani. Ili mbegu zisioze zilikuwa zimepakwa dawa yenye zebaki, tena ya aina mbaya kuliko zote, ile inayoingia mwilini kwa chakula. Zikatiwa rangi nyekundu ili watu wajue siyo za kula. Na mifuko ilikuwa na maandishi ya onyo, pamoja na alama ya fuvu la kichwa.

Kwa karatasi, basi, onyo lilitolewa. Lakini maandishi yalikuwa ya Kihispania na Kiingereza. Mkulima wa Iraki anasoma Kiarabu, kama anasoma. Fuvu lile halikuwa na maana kwake, hajawahi kuliona mahali. Na sehemu nyingine mbegu zilifika wakati wa kupanda umekwisha pita, njaa iko nyumbani, na mfuko wa ngano umesimama ukutani. Akina mama waliosha nafaka mpaka rangi ikatoka, wakaona sasa imetakata. Rangi ilitoka, sumu ilibaki. Inasemwa wengine walikuwa na busara ya kuwajaribishia kwanza kuku. Kuku wakapita siku kadhaa wazima, maana ugonjwa huo unangoja majuma kabla ya kujionyesha. Wakasaga, wakaoka mikate.

Kufikia mwisho wa Desemba hospitali zilianza kupokea watu wanaoyumba, wasioona vizuri, wasiosikia. Hesabu ya serikali yenyewe ni wagonjwa 6,530 waliolazwa na 459 waliokufa hospitalini. Waliokufa majumbani hawakuingia katika hesabu hiyo.

Ninapoisoma habari hii ninawafikiria wenzetu wa huku. Fungueni duka lolote la dawa za mashamba, tazameni vichupa. Maandishi ni Kifaransa, au Kiingereza kama mzigo umepitia Uganda au Tanzania, saa nyingine ni herufi za Kichina. Muuzaji anamimina nusu kwenye chupa ya Fanta, anakupa. Hapo hata ile lugha ya kigeni imebaki dukani.

La pili ni Minamata, mji wa wavuvi huko Japani, uliokuwa na kiwanda kikubwa cha kampuni ya Chisso. Toka mwaka 1932 kiwanda kilitengeneza asetaldehidi, dawa moja ya viwandani, kwa kutumia zebaki, na maji machafu yakamwagwa ghubani. Samaki wakaibeba. Paka wa mjini wakaanza kucheza kama wana wazimu na kujitupa baharini. Halafu watoto. Tarehe 1 Mei 1956 daktari mkuu wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, alitoa taarifa kwa ofisi ya afya kwamba kuna ugonjwa wa ubongo usiojulikana.

Muangalieni vizuri mtu huyu, maana yuko katikati kama wengi wetu tulivyo katikati. Mshahara wake unatoka kampuni. Wagonjwa wake ni majirani. Akaanza kupima kwa siri kidogo. Alichukua maji machafu ya sehemu ile ya kiwanda akachanganya na chakula cha paka. Oktoba 1959 paka aliyeandikwa namba 400 akapata ugonjwa ule ule. Daktari akapeleka habari kwa wakubwa wa kiwanda. Wakamzuia kuendelea, na matokeo hayakutangazwa. Mwezi wa 12 mwaka huo huo kampuni ikatia mkataba na wagonjwa: ikawapa pesa kidogo iitwayo pole, na ndani ya mkataba wakaandika kwamba hata ikija kujulikana kiwanda ndicho chanzo, wagonjwa hawatadai tena. Wale waliotia saini hawakujua habari ya paka. Wale walioandika walijua.

Kiwanda kikaendelea kumwaga miaka karibu 9 mingine. Kikaacha Mei 1968, na Septemba mwaka ule serikali ya Japani ikakubali hadharani ugonjwa ulitoka wapi. Hosokawa alitoa ushahidi wake mwaka 1970 akiwa kitandani, mgonjwa sana, akafa mwaka huo. Machi 1973 mahakama ikawapa wagonjwa haki, na ule mkataba wa pole ikasema ni batili.

Lakini kuna jambo moja la Minamata ambalo halisimuliwi sana, nami ndilo lililonigusa kuliko mengine. Wafanyakazi wa kiwanda hicho walikuwa na sendika. Kwa miaka mingi walinyamaza: kazi ilikuwa kazi, mji wote ulikula kwa kiwanda, na wavuvi wagonjwa walionekana kama watu wanaotaka kuharibu mkate wa wengine. Agosti 1968 sendika ile ikakutana ikatoa azimio, nalo linajulikana mpaka leo kama azimio la aibu. Walisema, kwa kifupi, kwamba ni aibu kwao kama wanadamu na kama wafanyakazi kwamba hawakupigana na ugonjwa huo mpaka siku ile. Wakaanza kutoa ushahidi juu ya mambo waliyoona ndani. Kwa hiyo waliojua hawakuwa wakubwa peke yao. Aliyefungua bomba na aliyesafisha tanki walikuwa na kipande cha habari, kila mtu chake, na hakuna aliyeunganisha.

Baada ya hapo mambo ya sheria yalianza kusogea, kwa kusukumwa. Marekani, sendika pamoja na majirani wa viwanda walidai haki ya kujua. Mji wa Philadelphia ukatoa sheria yake mwaka 1981, na mwaka 1983 serikali ya nchi ikaweka kanuni kwamba mwenye kiwanda lazima aandike kwenye chombo kilicho ndani ni kitu gani na kinadhuru namna gani. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, Bhopal, India, gesi ikatoka kwenye kiwanda cha dawa za wadudu ikaua maelfu ya watu wamelala, na madaktari waliopokea wagonjwa hawakuambiwa ni gesi gani. Mwaka 1990 Shirika la Kazi la Kimataifa likapitisha Mkataba namba 170 juu ya kemikali kazini. Humo mumeandikwa kwamba etiketi lazima ieleweke kwa urahisi na mfanyakazi, kwamba mfanyakazi ana haki ya kupewa habari, na kwamba akiona hatari kubwa iko karibu ana haki ya kujiondoa bila kuadhibiwa. Hilo la mwisho ndilo watu wa Huancavelica walilokosa. Tangu 2003 kuna pia zile alama za dunia nzima, msambamba mweupe wenye mpaka mwekundu. Kwa zebaki mtaona tatu: fuvu, mtu mwenye nyota kifuani, na mti mkavu na samaki aliyekufa. Ile ya nyota kifuani watu wengi wanafikiri ni ya vitamini. Nimeuliza wanamemba 12, na 5 waliniambia ni dawa ya kuongeza nguvu.

Oktoba 2013 mataifa yakapitisha Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, na ukaanza nguvu Agosti 2017. Umepewa jina la mji ule kwa ombi la Japani. Na hapa historia inatufikia mlangoni. Viwanda vya kofia vimekwisha, Almadén imefungwa. Leo kinachotoa zebaki nyingi kuliko vyote hewani ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, karibu asilimia 38 kwa hesabu za 2015. Maana yake Misisi, Kamituga, Ituri, Geita na wenzao wa Amerika ya Kusini na Asia. (Kule Geita kuna mahali panaitwa Nyarugusu, penye dhahabu, siyo kambi yetu ya Nyarugusu. Kuna vijana waliochanganya majina hayo mawili na kujikuta shimoni.)

Kwetu Kongo, zamani za kampuni, mwanakijiji aliyeokota dhahabu alihesabiwa mwizi. Mwaka 1982 Mobutu akafungua mlango, watu wakaruhusiwa kuchimba kwa mikono. Kampuni, hata zilizokuwa mbaya, zilikuwa na munganga wao na mtu wa kufunga ghala. Mchimbaji wa mikono alirithi shimo bila munganga na bila ghala. Zebaki inamfikia kupitia mnunuzi wa dhahabu, mara nyingi kwa mkopo, inapimwa kwa kizibo cha chupa. Haina etiketi. Hakuna tajiri mmoja ambaye sheria inaweza kumshika na kumwambia: waambie watu wako. Mnunuzi anasema siyo mwajiri. PDG wa shimo anasema yeye anatoa mawe tu. Mama mwenye kijiko yuko mwisho wa mstari, na mvuke wote ni wake.

Ule mkataba unataja mambo mabaya zaidi ya kuondolewa: kumwaga zebaki kwenye mawe yote badala ya kwenye mchanga ulioshwa vizuri, kuchoma bonge mahali pa wazi bila kuukamata mvuke, kuchoma ndani ya makazi ya watu, na kutumia sianidi juu ya mabaki yenye zebaki bila kuitoa kwanza. Unasema pia wachimbaji na jamii zao wapewe habari, na kwamba wanawake wenye umri wa kuzaa na watoto walindwe hasa. Iko pia chombo kidogo, chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopita kwenye maji. Mvuke unapoa ndani ya bomba, zebaki inarudi kuwa maji, unaitumia tena. Huko Benguet, Ufilipino, wachimbaji wanatumia boraksi bila zebaki kabisa, lakini wanahitaji mchanga uliosafishwa sana, na haifai kila jiwe.

Nilirudi Misisi mwezi wa tatu na karatasi yangu. Nikamsomea yule mama, kwa Kiswahili cha hapa, nikisema merkire na siyo zebaki. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, hakulia. Aliuliza kwanza kama mtoto aliyenyonya mwaka ule atakuwa salama, na mimi sikuwa na jibu la kumpa, nikamwelekeza kwa muuguzi. Halafu akaniambia: «Sasa Papa Mwalimu, wewe unaniambia nitoke nje na kijiko. Nje kuna watu. Wakiona dhahabu yangu, usiku watakuja.»

Kwenye vitabu vyote nilivyosoma sikukuta mtu aliyefikiri juu ya hilo. Anapika jikoni kwa sababu jikoni kuna mlango. Hata kile chombo cha bomba, kikiwa cha kundi, kina shida hiyo hiyo: nani atapeleka dhahabu yake mbele ya macho ya wengine?

Tuliongea na akina mama wanaotwanga mawe pale, 9 kwa jumla, watatu wao wanamemba wetu. Wamekubali kujaribu chombo kimoja kwa watu watatu watatu, wale wanaoaminiana tangu kambini, kikae kwenye kibanda chenye mlango wa kufunga na paa iliyo wazi upande mmoja, mbali na nyumba na mbali na chakula. Mafundi wa chuma wa Baraka wanasema wanaweza kukitengeneza kwa bomba la maji la kawaida, lisilopakwa zinki. Komite inatafuta bei. Wafadhili wakiuliza pesa za mwaka huu zitakwenda wapi, jambo moja ni hili.

Karatasi za kuonya tutaziandika kwa Kiswahili na Kibembe, na maneno yote mawili yatakuwepo, merkire na zebaki, kwa herufi sawa. Mama wa Misisi ameomba picha ya kijiko iwekwe juu kabisa, siyo fuvu. «Fuvu ni la barabarani kwenye nguzo za umeme,» alisema. «Kijiko ni cha kwangu.»